Nani Atamzika Katibu

Siku yangu ya kwanza kazini nilimwangusha simba, na sipigi chuku. Simba mwenyewe alikuwa wa mianzi, karatasi na manyoya, na ndani yake walikuwamo vijana wawili wenye afya tele, mmoja kichwani na mmoja mkiani. Lakini aliyewalaza sakafuni wote wawili wakihema ni mimi, na silaha yangu ilikuwa ngoma.

Hayo yalitokea Louisville. Nilikuwa nimefika karibuni kutoka kambini Tanzania, na kabla ya kambi nilikuwa mtu wa Baraka, kwetu Kongo, ambako nilipiga ngoma ya kwaya tangu sijaota ndevu. Mtu wa ofisi ya wakimbizi alinitafutia kazi ya kufagia ukumbi wa chama kimoja cha Wachina, chama cha kung fu. Nikajiambia, Wilondja, umekimbia vita, sasa umekuja kufagia vita. Nilidhani nitakuta watu wanavunjana pua, nikakuta wazee wanakunywa chai na vijana wanafanya mazoezi kwa adabu kuliko wanakwaya wetu.

Mkuu wa ukumbi aliitwa Sifu. Sifu ni mwalimu, ila si wa kulipwa ada na kuagana mlangoni. Ni mwalimu ambaye pia ni baba, anajua umekula nini na umegombana na nani. Huyu wetu alikuwa mfupi, mwenye mgahawa, na mikono yake ilijaa makovu ya mafuta ya moto. Siku hiyo vijana walikuwa wanafanya mazoezi ya kucheza simba, na mpiga ngoma wao alikuwa mgonjwa. Sifu akasikia ninavyogonga mpini wa ufagio sakafuni kwa mapigo, akaninyooshea vijiti viwili. Ngoma yao ni pipa kubwa lililowambwa ngozi ya ng'ombe, na husukumwa juu ya magurudumu.

"Unaweza?" akaniuliza.

Swali gani hilo kwa mtu wa kabila la Wabembe! Nikaipiga kama tulivyoipiga Baraka wakati wa sadaka, kwanza polepole, kisha inapanda, kisha watu wanasahau majina yao. Simba akaruka, akazunguka, akaruka tena, na mimi nikazidi kumchochea. Niliposikia kishindo nikafumbua macho. Simba alikuwa chali, na mguu wa mtu umetokeza mdomoni mwake.

"Hapa nani mkubwa," Sifu akaniuliza, "ngoma au simba?"

"Ngoma, mzee. Ngoma ndiyo inayosema, watu wanacheza."

"Hiyo ni kwenu. Hapa simba anatangulia. Akilala, unanong'ona. Akishtuka, unashtuka naye. Umemtazama hata mara moja tangu uanze?"

Sikuwa nimemtazama. Nilikuwa nimefumba macho, ndivyo sisi tunavyopiga wimbo ukitugusa. Nikaweka vijiti chini, nikaufuata ufagio wangu, nikijua kwamba kazi imekwisha kabla haijaanza.

"Unakwenda wapi?" akasema Sifu. "Mikono unayo. Kesho uje tuyatafute macho."

Kutafuta macho kulichukua muda kuliko nilivyofikiri. Kwanza nilifundishwa mkao wa farasi, yaani kupanua miguu, kukunja magoti na kukaa juu ya kiti ambacho hakipo, mpaka mapaja yanakuomba msamaha. Kwao hakuna anayegusa ngoma kabla miguu haijajua kusimama. Tena humo ukubwa hauhesabiwi kwa umri bali kwa nani alitangulia kuingia mlangoni. Mwanafunzi mmoja wa sekondari alikuwa kaka yangu mkubwa, na mimi, baba wa watoto wanne, nilimwamkia kwanza kila jioni. Alikuwa ananionea haya. Mimi nilimfurahia, maana hajawahi kutokea kaka aliyeniangusha mazoezini kwa upole kama yule.

Baada ya mazoezi tulikaa kutengeneza vichwa vya simba. Ni kazi ya subira: unapasua mianzi, unaikunja, unafunga maungio kwa vipande vya karatasi na gundi, kisha unapaka rangi. Mikono ya Sifu ikifanya kazi, mdomo wake ulisimulia. Alinieleza kwamba Wachina wa kale waliokuja Marekani walifua nguo za watu na kupika katika majiko ya watu, na wengi hawakuwataka wawe majirani. Wakaunda vyama. Mwenye ngumi akafundisha ngumi, watu wakajilinda. Lakini chama hakikuwa ngumi peke yake. Mgeni akishuka kwenye treni hajui mtu, chama kilimpa kitanda na kumtafutia kazi. Wawili wakigombana, wazee wa chama waliwaamua. Na mtu akifa peke yake, chama kilimzika, na zamani zile hata mifupa iliweza kufukuliwa baadaye ikasafirishwa kurudi kwao.

"Mzee," nikamwambia, "hiki ni chama cha kufa na kuzikana. Hata sisi tunavyo."

Akacheka sana. "Basi," akasema, "nilikuwa napoteza muda kukueleza."

Nilihamia Columbus kwa sababu shemeji yangu alinipatia kazi ya ghalani, kupanga maboksi mchana kutwa. Sifu alinisindikiza kwa salamu kwa Mwenyekiti wa chama. Chama chetu kilikuwa na kumbi tatu, na ule wa Columbus ndio uliokuwa mkuu. Mwenyekiti alikuwa mtu wa tai. Alivaa tai kwenye sherehe, alivaa tai kwenye mazoezi, na nasikia mkewe alipojifungua alimpokea mtoto na tai shingoni. Kwa Mwenyekiti ukichelewa hukufukuzwa. Ulisimama mkao wa farasi mlangoni, wanaoingia wakikupita na kukupa pole.

Huko ndiko nilikoiva. Nilifanywa mpiga ngoma mkuu, na upatu na matoazi yakanisikiliza mimi. Nilijifunza pia adabu ya simba wawili wakikutana: kila mmoja hushusha kichwa, na anayeinua kichwa juu ya mwenzake anatafuta ugomvi. Mwaka mmoja, kwenye tamasha kando ya mto, simba wa chama kingine alituinulia kichwa mbele za watu. Vijana wetu walitaka kumvamia, hata aliyekuwa na matoazi alishaanza kuyashika kama sahani za kurushwa. Mwenyekiti hakupandisha sauti. Alinisogelea akaniambia, "Punguza ngoma." Nikaipunguza mpaka ikawa kama mvua inayokatika. Simba wetu akatulia, akashusha kichwa peke yake, na uwanja mzima ukaona nani kalelewa na nani hakulelewa. Simba wa wale wenzetu akainama kwa haya. Siku hiyo nilirudi nyumbani nimevimba kifua kiasi kwamba mke wangu aliniuliza kama nimepandishwa cheo ghalani.

Chama kilikuwa na kanuni moja ngumu. Tawi ambalo simba wake hatoki Mwaka Mpya wa Wachina, miaka miwili mfululizo, linafungwa, na simba anarudishwa Columbus. Maana ya simba kutoka ni kwamba tawi lina watu: wa kubeba kichwa, wa mkia, wa ngoma, na wa kuwafungulia milango mitaani. Tawi la Buffalo lilikuwa limeshakosa mara moja.

"Wewe nenda Buffalo," Mwenyekiti akaniambia. "Nasikia watu wenu wamejaa kule. Jaribu. Mimi nitakuja Mwaka Mpya, na nitakuja na sanduku la kumchukulia simba."

"Mzee, unanituma kufungua au kufunga?"

"Nakutuma," akasema, akanyoosha tai yake.

Ukumbi wa Buffalo uko Grant Street, ghorofani, juu ya duka la vyakula. Nilipopanda ngazi zake mara ya kwanza nilimkuta Katibu peke yake, koti limefungwa mpaka kidevuni kwa sababu alikuwa hawashi moto wa kupasha ukumbi. Katibu ndiye mshika mambo yote ya tawi: anafungua mlango, anapatanisha, anakumbuka nani amefiwa. Wazazi wake walikuwa madobi mjini humohumo. Yeye hakuoa wala hakuzaa, alizaa ukumbi. Pamoja naye walibaki wazee wawili tu, ambao walikuja kucheza karata na kusinzia.

Ukutani zilipangwa picha za walimu na wanachama waliotangulia, na chini yake meza yenye chungu cha ubani. Kila anayeingia humo huinama mbele ya picha hizo. Mimi nililimaliza jambo hilo na dhamiri yangu zamani, kule Louisville: huinama kama ninavyompa mzee mkono kwa mikono miwili, kisha naenda zangu. Ubani sikuwahi kuugusa.

"Hawa wa safu ya chini," Katibu akanionyesha, "nimewazika mimi. Wengi hawakuwa na watoto. Ndiyo kazi ya chama, mtu wetu asizikwe na watu wasiomjua. Amebaki mmoja, na tawi likifungwa sijui nani atamzika."

"Amebaki nani?" nikauliza, mjinga mimi.

"Umeshikana naye mkono sasa hivi."

Nilimtazama yule mzee katika koti lake, nikaona kwamba sikuja Buffalo kwa ajili ya simba. Moyo uliniuma kwelikweli, na hapohapo nikaapa kwamba Mwenyekiti na sanduku lake watanikuta.

Tulianza kutafuta watu. Tulikwenda Amherst, kwenye chuo kikuu, kwa wanafunzi wa Kichina, maana Katibu aliona aibu kutafuta kwingine kabla ya kwao. Walikuja wawili, wapole sana, wakatusaidia kufuta vumbi. Ila walitoka kaskazini ya nchi yao, na simba wa namna hii, ambaye ni wa kusini, walimwona kwenye simu tu. Mitihani ilipokaribia wakaaga kwa heshima zote. Siwalaumu.

Basi nikaenda kwa watu wangu. Wakongo wengi wa Buffalo wamenunua nyumba Black Rock, nyumba za zamani zenye bei nafuu na ngazi zinazolia. Jumapili moja, baada ya ibada, niliisukuma ngoma mpaka nje ya kanisa nikaigusa kidogo. Nani angebaki ndani? Watoto walimiminika. Kufikia wakati majani yalipoanza kupukutika ukumbi ulijaa, ninawasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza, tunaelewana kwa ngoma. Aliyewashinda wote ni Esta, msichana mwenye magoti ya chuma na kichwa kigumu zaidi ya magoti. Zamani wasichana hawakuruhusiwa kuingia chini ya simba, kwa hiyo nilimuuliza Katibu. Akamtazama Esta katika mkao wa farasi mpaka wavulana wote walipoanguka kando yake.

"Mpe kichwa," akasema.

Jioni hiyo Katibu aliwasha moto wa ukumbi na kuvua koti. Sikujua kama alikuwa mwembamba vile.

Kisha mtoto mmoja mdogo akamsimulia mama yake kwamba sisi huku tunawainamia babu wa ukutani. Jumapili iliyofuata, baada ya mahubiri, Mama Esta akasimama. Mnamjua aina yake: mwanamke anayefanya kazi ya kuhudumia wagonjwa mchana, anaongoza maombi jioni, na hakuna asiyemwogopa kanisani, mchungaji akiwemo.

"Mchungaji, miye niko na neno," alisema. "Watoto yetu wanainamishwa mbele ya picha za wafu. Donc, yaani tulikimbia vita, Mungu akatutoa mu kambi, akatuleta huku, ili watoto wakuye kuabudu sanamu? Esta yangu harudi kule tena."

"Mama Esta, ile haiko ibada," nikasema. "Ni heshima tu."

"Heshima ya nini? Wale watu tunawajua? Walikuwa ndugu zetu? Baba Wilondja, weye ni muzee wa kanisa, unatufundisha mambo gani?"

Mchungaji, mtu mpole wa kutoka nyanda za juu za Kivu Kusini, aliinua mkono. "Bon," akasema, yaani sawa kwa Kifaransa. "Watoto wapumzike kwanza. Tutaomba, tutaona."

Hiyo tutaona ya wachungaji naijua mimi. Ni hapana iliyovaa suti. Damu ilinichemka, nikatoka bila kusalimia mtu, na nilipofika nyumbani mke wangu aliniambia nile kwanza ndipo nikasirike vizuri. Jumatatu ukumbini tulikuwa Katibu, mimi na wale wazee wawili wa karata, na Mwaka Mpya ulikuwa unabisha hodi.

Katibu hakulalamika. Aliingia chumba cha nyuma akarudi na kitambaa kikubwa cheupe, akasimama mbele ya picha.

"Nikiwafunika," akaniuliza, "watoto watarudi?"

Labda wangerudi. Lakini mimi sikuweza kumwacha awafunike watu aliowazika.

"Hapana, mzee," nikamwambia. "Wakiona kwamba wazee hufichwa wageni wakija, nitakuwa nimewafundisha nini? Rudisha kitambaa."

Akakirudisha. Kwa mara ya kwanza nilidhani kweli tumeshindwa.

Haukupita muda mrefu Mama Esta akafiwa na mama yake. Bibi huyo alikuwa muuza ndagala, yaani dagaa, maarufu wa sokoni Baraka, aliyefika Buffalo na miguu imechoka lakini ulimi mzima, na sisi sote tulimpenda. Nilimweleza Katibu kwamba nitakosekana kwa sababu nakwenda kilioni. Akanyanyuka kitini.

"Bibi wa Esta? Wana viti vya kutosha?"

"Mzee, wale wametukimbia."

"Nimekuuliza viti."

Chama kina viti vya kukunja, vingi, vilivyonunuliwa enzi za wanachama wengi kwa kazi hiyohiyo ya misiba. Katibu na wale wazee wawili, ambao sikuwahi kuwaona wakibeba kitu kizito kuliko karata, walivishusha ngazini wakavipakia garini. Tulipofika Black Rock theluji ilikuwa imefunika kizingiti cha nyumba ya msiba. Katibu akachukua koleo akaanza kuisafisha njia. Nikamnyang'anya, akaninyang'anya. Walipanga viti, wakachemsha chai kwenye birika lao kubwa, wakaosha vikombe, na sebuleni hawakuingia mpaka walipoitwa. Mama Esta aliwaona dirishani. Hakuwa na nguvu ya kuwafukuza, wala ya kuwashukuru. Wakarudi kila siku mpaka siku ya kuzika.

Kanisani jeneza liliwekwa mbele, na kando yake picha ya Bibi amevaa kitenge, amekunja uso kama anayepunjwa bei. Watu walipita kuaga, wengine wanalia, wengine wanaimba. Katibu alikuwa kiti cha nyuma kabisa. Hakuelewa neno hata moja, lakini tukisimama alisimama, tukiketi aliketi. Mwisho wa mstari akaja mbele na wenzake wawili, suti nyeusi, wakajipanga. Wakanyoosha mikono ubavuni na kuinama mbele ya picha ya Bibi, polepole, mara tatu, kama wanavyowaaga watu wao. Mimi nikamtazama Mama Esta, sikuweza kuusoma uso wake. Wazee wakarudi kwenye viti vyao.

Baada ya mazishi watu walikula, na mfiwa akasimama kushukuru, kama ilivyo desturi. Mama Esta alishukuru ndugu, akashukuru kwaya, kisha akawageukia Katibu na wenzake.

"Miye niliwaambia kuinama kule ni kuabudu sanamu," akasema. "Leo hawa wazee waliinamia picha ya mama yangu. Sasa mama yangu ni sanamu? Mama yangu aliuzaka ndagala mu soko ya Baraka! Mutu gani anaweza kuabudu muuza ndagala?"

Watu wakacheka machozi yakiwatoka.

"Walimuheshimia," akaendelea. "Miye niliwakatalia heshima ya wazee wao, na wao wakaniletea viti. Mchungaji, unisamehe, lakini Esta anarudi kule kesho. Kama ni zambi, Mungu aniulize miye."

Macho yote yakamgeukia Mchungaji. Akajikuna kidevu.

"Bon," akasema. "Kuinama, watainama. Ubani, hapana."

Nikamtafsiria Katibu. Akatikisa kichwa kukubali. "Ubani ni kazi yangu," akasema. "Tangu lini nikawaachia watoto moto?"

Kesho yake sikutegemea kuona watu wengi, kwa sababu watoto wa siku hizi wanasahau haraka. Walijaa mpaka ngazini, na safari hii mama zao walikuja nao kuona kwa macho yao. Mama Esta alisimama mbele ya zile picha muda mrefu. Akamuuliza Katibu majina, mmoja mmoja, na mimi nikatafsiri: huyu alikuwa mpishi, huyu alipiga pasi, huyu hakuwa na mtu. Mwishoni akainama mwenyewe, kifupi, kama anayeogopa kuonekana, kisha akageuka akatufokea kwamba vumbi limejaa na ukumbi hauna pazia.

Mwaka Mpya ulipofika Mwenyekiti alikuja na gari, tai na sanduku. Sanduku la mbao, kubwa, alilifungua mlangoni ili nilione. Nikampa kiti. Nje theluji ilikuwa inaanguka, na Grant Street nzima ilikuwa imesimama kandokando ya barabara: Waburma, Wasomali, wenyeji wa zamani, na watu wetu wa Black Rock na vitenge juu ya makoti. Esta akaingia kichwani, ndugu yake akashika mkia. Nikamtazama simba. Alipofumbua macho, nikagonga.

Desturi ni hii: mwenye duka hutundika mboga mlangoni, mafungu machache ya saladi, simba akairukia, akaitafuna, akayarusha majani kwa watu iwe baraka ya mwaka. Tulianza kwenye duka la chini, tukaenda kwenye mgahawa, kote mambo safi. Kisha tukafika kwenye duka la Mkongo mwenzetu, Mama Furaha, muuza unga na samaki wa kukausha. Nilikuwa nimemweleza atundike saladi. Yeye alitundika kabichi, zima, kubwa, limefungwa kwa kamba ya katani.

"Mama Furaha, nilisema saladi!"

"Saladi ni chakula?" akanijibu. "Mugeni mukubwa anafika kwangu na miye namupa majani mawili? Akule ashibe."

Simba akalirukia kabichi likamrudisha. Akalirukia tena, likabembea puani mwake. Watu wakaanza kucheka, na mimi nikaona Mwenyekiti amekunja mikono. Hapo ndipo ngoma ilipokuwa kazi. Simba akiduwaa, nilinong'ona, akilizunguka kabichi kulipima, nilimfuata taratibu, akichutama, nilikaza. Esta akapanda juu ya mapaja ya nduguye, simba akasimama wima, akalinyakua kabichi kamba na yote, nikaachia mikono. Lilikuwa gumu, jamani! Ndani ya kile kichwa msichana alilipasua kwa mikono na meno, tunasikia anavyoguguna, huku simba akipepesa macho na kutikisa masikio kama mzee aliyepewa hindi bichi. Kisha majani yakaruka, mengi mno, yakatua kwenye kofia, kwenye theluji, kwenye mabega ya watu wa kila lugha. Vigelegele vya akina mama vilizima ngoma yangu. Nawaambia ukweli, nililia, na sikujificha.

Katikati ya kelele nikasikia matoazi yamebadilika mkono, yanapigwa safi kuliko kijana wetu anavyoweza. Nikageuka. Alikuwa Mwenyekiti, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona amelegeza tai.

Jioni aliwaita vijana wake wa Columbus waliokuja kubeba mzigo.

"Sanduku liacheni hapa," aliwaambia. "Watahitaji kuwekea simba wa pili."

Nilipiga ngoma Buffalo mpaka bega la kulia lilipokataa. Sasa nimestaafu, vijiti ninavyo kabatini, na Esta ndiye mkuu wa mazoezi. Nikikaa vibaya kwenye kiti changu cha wageni hunitupia jicho, na mimi hunyoosha mgongo. Simba wako watatu. Familia mpya ikishuka uwanja wa ndege haijui mtu, ukumbi unajua kabla ya mchungaji, na viti vya kukunja havijakaa wiki nzima bila kutoka. Ninyi vijana mnaoniuliza nilifaidika nini na kazi ya Wachina, mnaniuliza vibaya. Nilikuja nchi hii kama mtu wa kuhesabiwa miongoni mwa wanaosaidiwa, na nimemaliza kazi nikiwa miongoni mwa wanaosaidia. Naringa, ndiyo. Niacheni niringe.

Na Katibu? Amekula chumvi nyingi, tisini ameshaipita, na akina mama wa Black Rock wamegawana siku za kumpikia. Analalamika kwamba ugali unamnenepesha. Mwaka huu alipopata mafua, kwaya nzima ilimwendea nyumbani, na Mama Esta, asiyejua kuzungukazunguka, akamuuliza angependa wimbo gani siku yake ikifika. Mimi niliona haya kutafsiri. Katibu akawaza, akachagua ule waliomwimbia Bibi, akataka ausikie kwanza. Wakamwimbia wote, sauti zote nne, wamemzunguka kitandani. Akausikiliza mpaka mwisho, macho yamefumbwa.

"Bado hamjaiva," akasema. "Rudini Jumamosi."

Wanarudi kila Jumamosi tangu hapo, na kila Jumamosi anawaambia bado hawajaiva.